Mzee Aambiwe

Ni nadra mtu kufa peke yake katika vijiji vya Mbulu na Hanang. Tangu habari ienee kwamba mzee wa boma fulani hawezi tena kutoka nje kuota jua la asubuhi, jirani huanza kuja mmoja mmoja, kisha wawili wawili, huyu na kibuyu cha maziwa, yule na mzigo wa kuni, mwingine mikono mitupu na taadhima yake tu. Wanawake hushika zamu za kuteka maji na kupika, vijana hushika mifugo na shamba, na mgonjwa hulala katikati ya watu toka alfajiri hata usiku wa manane. Mwenye kutoka mji mkubwa, ambako watu hufia katika vyumba vyenye namba mlangoni, akiyaona hayo atasema kuwa watu hawa hawana haja ya kufundishwa na mtu yeyote namna ya kumtunza mwenye kuiaga dunia. Atakuwa amesema kweli, lakini si kweli yote. Maana katika umati ule umzungukao mgonjwa, aghalabu wote wanajua kwamba maradhi yake hayana dawa ya kuyaponya, ila mmoja, na huyo mmoja ni mgonjwa mwenyewe. Na katika vyote vilivyoletwa, maziwa na kuni, uji na dua, kitu ambacho kingalimwezesha kulala bila kusaga meno mara nyingi hakimo.

Mambo mawili hayo, kauli ya kweli na dawa ya maumivu, ndiyo nikusudiayo kuyazungumza, kwa kuwa naona yamefungamana kuliko wengi wanavyodhani. Mtu aliyebanwa na maumivu hasikii neno lolote la maana. Na mtu asiyeambiwa hali yake hawezi kuitumia nafasi ile ambayo dawa imempa. Utunzaji wa wagonjwa ambao maradhi yao yamepita uwezo wa kuponywa huitwa na matabibu wetu tiba shufaa. Haukusudii kurefusha umri wala kuufupisha; wakusudia kuuondolea mwili maumivu, kuutuliza moyo, kusuluhisha yaliyotatanika baina ya mgonjwa na jamaa zake, na kuwashika mkono wale watakaobaki.

Wilaya hizi mbili za mkoa wa Manyara, mkoa uliomegwa kutoka Arusha mwaka 2002, zimekaa katika nchi ya juu kando ya Bonde la Ufa, nchi ya baridi na upepo, ya mashamba ya mahindi na ngano, yenye mlima Hanang uliosimama peke yake kwa kimo cha zaidi ya mita 3,400. Kwa habari ya lugha ni mahali pa ajabu. Wairaqw, ambao ndio wengi, husema lugha ya asili ya Kikushi; Wadatoga, ambao miongoni mwao Wabarabaig wa Hanang ndio mashuhuri, husema lugha ya Kiniloti; Wahadzabe wa bonde la Yaeda wana lugha yao yenye sauti za kidoko; na jirani zao wa upande wa Singida, Wanyisanzu na Wanyiramba, husema lugha za Kibantu. Muuguzi wa hospitali ya Haydom, wilayani Mbulu, aweza kukutana na wote hao kabla ya chakula cha mchana, na jambo hilo, kama tutakavyoona, si dogo.

Hospitali hiyo ilifunguliwa mwaka 1955 kwa juhudi za wamisionari wa Kilutheri kutoka Norway, na leo ni mali ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, Dayosisi ya Mbulu. Lakini elimu ya tiba shufaa ilizaliwa mbali na huko. Mwingereza Cicely Saunders, aliyekuwa kwanza muuguzi, kisha mhudumu wa ustawi wa jamii, kisha akasomea udaktari ukubwani, alifungua London nyumba ya St Christopher's mwaka 1967, akafundisha kwamba maumivu ya mtu anayekaribia mauti si ya mwili peke yake, bali yamo ya moyo, ya jamaa na ya roho, na kwamba mganga anayeyatibu ya mwili akayaacha hayo mengine amefanya robo ya kazi. Mbegu hiyo iliota Nairobi mwaka 1990, ikaota Kampala mwaka 1993 kwa mikono ya daktari Anne Merriman, na kwetu Tanzania hospitali ya Selian, karibu na mji wa Arusha, ilianza kazi hiyo mwaka 1999, katika siku zile mbaya ambapo UKIMWI ulikuwa ukiwachukua vijana kabla dawa za kufubaza virusi hazijaanza kutolewa kwa wingi. Kutoka Selian desturi hiyo ilienezwa katika hospitali nyingine za Kilutheri nchini, Haydom ikiwa miongoni mwao, na wahudumu wa kujitolea kutoka sharikani wakafundishwa kwenda nyumba kwa nyumba. Ni katika mji huohuo wa Arusha ulikozinduliwa, mwaka 2004, umoja wa tiba shufaa wa Afrika nzima.

Basi na tuyatazame maumivu yenyewe. Maradhi yawafikishayo watu hapa ni mengi: moyo ulioharibika tangu utotoni, kiharusi, ini lililokuwa gumu, UKIMWI uliochelewa kutambuliwa, saratani ya shingo ya kizazi ambayo huwaua akina mama wengi wa Tanzania kuliko saratani nyingine yoyote. Lakini kama nikitakiwa kutaja moja tu, nitataja saratani ya umio, ile njia ipitishayo chakula kutoka kooni kwenda tumboni, ambayo imejaa katika ukanda mrefu wa mashariki ya Afrika toka Ethiopia kuteremka kusini. Huja polepole na kwa hila. Kwanza mtu hukwamwa na nyama, akadhani meno yake ndiyo mabovu; halafu ugali humshinda, akaomba ulainishwe kwa maziwa; kisha hubaki na uji, kisha na maji, na siku moja hata mate yake mwenyewe hayashuki, akawa wa kukaa na bakuli mkononi mchana kutwa. Wengi hufika hospitali katika daraja ya uji au ya maji, baada ya kuzunguka kwa waganga wa mitishamba na maduka ya dawa, wakati ambapo hapana tena kisu wala mionzi ya kuwarudishia afya. Yapo yanayoweza kufanyika hata hapo, kama kutiwa mrija wa kuiacha wazi njia ya chakula. Na ipo dawa ya kumwondolea mtu maumivu.

Dawa hiyo ni morfini. Jina lake huwatia watu hofu, waganga kwa wagonjwa, kwa sababu ni ya jamii moja na vilevi vinavyoharibu vijana, na serikali kwa haki kabisa imeiweka chini ya sheria kali, ifungiwe kabatini na kila tone liandikwe daftarini. Lakini morfini ya mgonjwa ni kitu cha kawaida mno kwa sura: unga mweupe uliochanganywa na maji, ukatiwa katika chupa ya plastiki, mchungu ulimini, wenye kunywewa kwa kipimo kila baada ya saa nne, na kipimo cha kulalia kikazidishwa ili mtu asiamshwe usiku. Nguvu yake haidumu zaidi ya saa hizo, na hapo ndipo kosa kubwa hutendeka, maana jamaa kwa kuhurumia dawa isiishe humngoja mgonjwa mpaka alie ndipo wampe, hali dawa hii hufaa itangulie maumivu, isiyafuate. Atumiaye kwa ajili ya maumivu ya kweli na kwa kipimo cha tabibu ni nadra awe mlevi wake, wala kipimo hicho hakimharakishii mauti. Siku mbili tatu za kwanza atasinzia na pengine kutapika, kisha mwili huizoea, naye huamka akawa mtu wa kuzungumza. Jambo moja tu halizoeleki, nalo ni kufunga choo, na mgonjwa asiyeonywa habari yake huiacha dawa kwa sababu hiyo. Wauguzi wa Uganda walifundisha kutumia mbegu za papai, zikaushwe, zisagwe, zinywewe kijiko kimoja usiku. Na ijapokuwa papai halistawi katika baridi ya Mbulu, masoko yake hayakosi mapapai yapandishwayo toka nchi za chini.

Kwa nini basi dawa nyepesi hivi, isiyo ghali, haimo katika nyumba nyingi? Mwaka 2017 jopo la wataalamu waliokusanywa na jarida la kitabibu The Lancet lilihesabu kwamba katika takriban tani 298.5 za dawa za aina hii zinazogawanywa duniani kila mwaka, nchi maskini kabisa hupata sehemu moja ya kumi ya tani moja tu. Hesabu ya namna hiyo haina haja ya kuelezwa. Kwetu, Taasisi ya Saratani ya Ocean Road mjini Dar es Salaam ndiyo iliyokuwa kwa miaka mingi kitovu cha kuitengeneza na kuigawa, na hospitali ya mbali ilibidi iagize na kufuata. Na toka Dar es Salaam hadi Haydom ni safari, na toka Haydom hadi kijiji kilicho nyuma ya ziwa Basotu ni safari nyingine, ambayo wakati wa masika, udongo mweusi unaposhika magurudumu ya pikipiki, huwa ndiyo ngumu zaidi. Uganda iliruhusu mwaka 2004 wauguzi waliosomea kazi hii kuiandika dawa hiyo wenyewe. Mimi naona hilo ni jambo la busara kwa nchi yoyote ambayo madaktari wake wako mjini na wagonjwa wake wako milimani.

Sasa nije katika lile la pili, ambalo haliletwi na lori.

Mara nyingi huwa hivi. Muuguzi ashuka kwenye pikipiki, na kabla hajaufikia mlango, kijana mkubwa wa nyumba humwahi, akamwongoza nyuma ya zizi. “Karibu, sista. Tunakushukuru kwa kuja. Ila tunakuomba kitu kimoja: baba asijue. Mwambie ni vidonda vya tumbo.” Muuguzi huitikia kwa maneno ya kuzungukazunguka, akaingia ndani, akaketi kwenye kigoda. “Shikamoo, babu.” “Marahaba, mjukuu wangu.” “Babu, wewe mwenyewe wauonaje ugonjwa huu?” Naye mzee hutazama mlangoni kama kuna mtu, kisha husema kwa sauti ndogo: “Huu ni wa kuondoka nao. Lakini usiwaambie watoto, watasumbuka bure.” Watu wa nyumba moja, waliokula sahani moja miaka hamsini, kila upande unaubeba mzigo uleule na kuuficha upande wa pili usiuone, na kwa kila upande ni mapenzi matupu.

Sitaki kuidharau siri hiyo. Ina sababu zake, na baadhi yake ni za heshima. Wairaqw ni watu wenye kuheshimu kunyamaza. Neno baya likisha kutamkwa huwa kama limepewa miguu, na kulitamka mauti mbele ya aliye hai kwaweza kuonekana kama kumwitia. Tena wapo watu, na watakuwapo daima, ambao hawataki kujua, nao wana haki ya kuachwa katika kutojua kwao. Kwa hiyo sisemi kwamba mganga aingie na kuitupa habari kitandani kama mtu atuaye gunia. Nasema kwamba mgonjwa aulizwe. Aulizwe anajua nini, na angependa kujua kiasi gani, na angependa nani awepo. Na akijibu kwamba ataka kujua, basi aambiwe, kwa maneno machache yasiyo na fumbo, kisha anyamaziwe apate kuyameza. Kumficha mtu mzima habari ya maisha yake mwenyewe, akiwa ameiomba, hakustahili kupewa jina jema.

Na anaponyimwa habari hiyo mzee wa Mbulu au Hanang hunyimwa kitu kikubwa kuliko anachonyimwa mzee wa mahali pengine, kwa sababu katika nchi hizi mtu anayekaribia kufa bado ana kazi ya kufanya. Wairaqw wana slufay, dua ndefu yenye mizani ya kishairi, ambayo mzee huitamka mbele ya mkutano na waliohudhuria humwitikia, akiombea mvua, mifugo, kizazi na amani ya nchi. Na watu waliolelewa chini ya maneno ya namna hiyo hujua uzito wa baraka ya mzazi, kama wanavyojua uzito wa laana yake. Mwana aliyegombana na baba yake kwa ajili ya shamba la kando ya kijito, akatamkiwa laana, akahamia Babati, hawezi kutulia mpaka neno lile limerudishwa na aliyelitoa. Mzee anayeambiwa kwamba ana vidonda vya tumbo atangoja apone ndipo amwite mwanawe. Atangoja mpaka ulimi uwe mzito, na mwana atafika siku ya maziko, akabaki na deni lisilolipika.

Kwa Wadatoga uzito huo huendelea hata baada ya kaburi. Mzee mwenye heshima kubwa kwao hufanyiwa bung'ed, maziko ambayo si ya siku moja bali ya miezi kadhaa, ambapo juu ya kaburi hujengwa kilima cha udongo, watu wakakusanyika toka mbali, pombe ya asali ikatengenezwa, na mahali pale pakawa mahali pa kuombea vizazi. Katika miaka ya 1970 na 1980, mashamba makubwa ya ngano ya serikali, yaliyosaidiwa na Canada, yalipotwaa malisho ya Wabarabaig katika nyanda za Basotu, moja katika malalamiko yao machungu kabisa lilikuwa kwamba trekta zimepita juu ya makaburi ya wazee wao. Nani awezaye kusema kwamba watu wa namna hiyo hawana haja ya kuzungumza juu ya kifo mapema? Wana mengi ya kupanga kuliko sisi tunaozikwa kwa kibali cha manispaa.

Mali nayo ina sheria yake. Kwa amri ya sheria ya mila ya mwaka 1963, wosia wa mdomo hukubaliwa ukishuhudiwa na watu wasiopungua wanne, wawili wa ukoo na wawili wasio wa ukoo, na mke aliyepo nyumbani naye ashuhudie. Nao ni lazima utolewe na mtu mwenye akili timamu. Mashahidi wanne hawapatikani usiku wa sakarati, wala akili timamu haipatikani kwa mtu anayegaagaa kwa maumivu. Hapo ndipo chupa ile ya morfini na kauli ile ya kweli hukutana, na ambaye huumizwa kuliko wote zikikosekana ni mjane, kwa kuwa shamba ambalo mume alinuia abaki nalo yeye hugawanywa na shemeji zake siku ya tatu.

Lakini ni nani amwambie, na kwa lugha gani? Wazee wengi wa vijiji hivi hujua Kiswahili cha sokoni na cha mkutanoni, wakauza ng'ombe na kusalimiana na mkuu wa wilaya bila taabu. Lakini maumivu, hofu na majuto huyasema kwa lugha waliyonyonyeshwa nayo, na mwili unapochoka Kiswahili ndicho huwa cha kwanza kuwatoka. Muuguzi aliyezaliwa Kilimanjaro au Iringa hutafuta mkalimani, na mkalimani aliye karibu aghalabu ni mjukuu wa darasa la sita mwenye sare ya shule. Nadhani msomaji anaona ubaya wake pasipo kuonyeshwa: mtoto ameamrishwa kumtangazia babu yake mauti, naye kwa adabu na kwa hofu hupunguza, hugeuza, au husema jambo jingine kabisa, na muuguzi hurudi akiamini kuwa habari imefika. Lililo bora ni mtu mzima wa rika la mgonjwa au linalokaribiana naye, mzee wa kanisa, katekista, balozi wa nyumba kumi, mwanamke kwa mwanamke, aliyekwisha kuelezwa faraghani kile kitakachosemwa. Na watu wa namna hiyo ndio hasa wale wahudumu wa kujitolea ambao hospitali za kanisa ziliwafundisha. Hawana shahada. Wana lugha, na wana umri, na wanajua ni nani katika ukoo lazima asikie kwanza ili wengine wasikasirike.

Viongozi wa dini hapa wana nguvu kupita mganga. Jimbo Katoliki la Mbulu limekuwapo tangu mwaka 1953, Walutheri wako kata nyingi, na Waislamu wa Katesh na Mbulu mjini humsomea mgonjwa wao Yasini na kumkumbusha shahada. Na katika dini zote hizo zimo sala nzuri za kumwachilia mtu aende kwa amani. Wasiwasi wangu ni juu ya wale wahubiri ambao huahidi uponyaji katika kila kitanda, wakamzuia mgonjwa hata kumeza dawa eti asionyeshe upungufu wa imani. Mtu akifa katika hali hiyo hufa akijilaumu kwamba hakuamini vya kutosha, na hayo ni maumivu ambayo morfini haiyafikii.

Nimekuwa nikisema mzee, mzee, na haki yanidai niseme kwamba si wote wanaokufa ni wazee wa baraka. Yumo mwanamke wa miaka arobaini mwenye saratani ya shingo ya kizazi, ambaye kidonda chake hutoa harufu, na kwa ajili ya harufu hiyo kitanda chake kimehamishiwa jikoni, kisha banda la nyuma, na wageni wamepungua. Wairaqw wa zamani walikuwa na desturi ya kujitenga iitwayo metimani, iliyowashika waliofikwa na mambo yaliyohesabiwa kuwa na najisi, mauti ya nyumbani yakiwa mojawapo, na ingawa desturi yenyewe imelegea sana, hisia yake haijaondoka kabisa mioyoni. Kwa mwanamke huyu, kitu kinachoweza kumrudisha katika jamaa ni vidonge vya metronidazole, vinavyouzwa katika kila duka la dawa, vikasagwa kuwa unga na kunyunyizwa juu ya kidonda baada ya kukiosha kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa. Katika siku chache harufu hukatika. Mama mkwe ambaye hakuwa akipita mlangoni huja kuketi. Katika elimu yote hii ya tiba shufaa sijui jambo dogo lenye tija kubwa kuliko hilo.

Na yapo mengine madogo ambayo nyumba yoyote yaweza kuyafanya. Mgonjwa asiyejigeuza ageuzwe kila saa mbili, na mahali pa nyonga na visigino pawekewe nguo laini, maana kidonda cha kulalia huanza kwa wekundu mdogo na huishia mfupani. Midomo na ulimi vifutwe kwa kitambaa safi kilicholowa maji, mara nyingi kwa siku. Na hili ni gumu kwa kila mama: asilazimishwe kula. Mtu hafi kwa sababu ameacha kula. Huacha kula kwa sababu anakufa, na uji unaosukumwa kwa kijiko kwenye koo lisilomeza huingia mapafuni, ukamwongezea taabu badala ya nguvu. Pumzi ikianza kukoroma, alazwe kwa ubavu. Ikianza kukatika na kurudi, watu wasipige mayowe, wala wasiondoke. Wauguzi wengi huamini kwamba sikio ndilo la mwisho kuzimika, kwa hiyo anayetaka kusema neno na aliseme, kwa lugha ya nyumbani.

Yanayofuata baada ya hapo watu wa Mbulu na Hanang wanayajua kuliko mimi. Nitaongeza moja tu, kwa kuwa husahauliwa na pande zote mbili, jamaa na wauguzi. Chupa ya morfini iliyobaki haifai kumwagwa wala kuwekwa darini kwa ajili ya mgonjwa mwingine. Yapasa irudi hospitali, ihesabiwe na kuandikwa. Wako wanaosubiri jamaa wailete, na wako wauguzi waliogundua kwamba ni heri waifuate wenyewe baada ya wiki mbili tatu, wageni wanapokuwa wamekwisha kutawanyika, kwa sababu mwenye kufuata chupa ana udhuru wa kuketi na mjane, kumwuliza kama analala usiku, kama amekwisha kuonyeshwa mpaka wa shamba lake, na kama mtoto aliyekuwa akimsaidia kumgeuza baba amerudi shule.